Shahada ipi ina ajira na mshahara mzuri Tanzania? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa aliyemaliza kidato cha sita au diploma na sasa anapekua Mwongozo wa Udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), pamoja na mzazi au mlezi atakayebeba gharama. Viwango vya kodi na makato vilivyotajwa ni vya Tanzania Bara.

Kwa kifupi, shahada ipi inalipa zaidi?

Mshahara hufuata kazi, na kila kazi ina masharti yake ya kuingia. Kwa hiyo anza na kazi, kisha rudi nyuma utafute shahada inayofikisha pale. Ukilinganisha shahada mbili, zipime kwa maswali matatu. Je, kuna bodi au baraza la kitaaluma linalozuia mtu asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo? Je, waajiri wake ni wa aina nyingi, yaani serikali, kampuni, miradi na kujiajiri, au ni mmoja tu? Je, wanaohitimu kila mwaka ni wengi kuliko nafasi?

Shahada zinazojibu vizuri maswali yote matatu ni chache. Kwa maoni yetu, uhandisi wa umeme, ukadiriaji majenzi, upimaji ardhi, uthamini, famasia, uhasibu unaofuatwa na CPA(T) (cheti cha mhasibu wa kitaaluma), na uaktuari (hesabu za hatari katika bima na mifuko ya pensheni) ziko mbele. Sababu moja ya uaktuari kuwa na wahitimu wachache ni kwamba hisabati yake ni nzito. Anayeogopa hisabati asiuchague kwa kuwa amesikia unalipa.

Kwa nini mnasema jina la shahada ni muhimu kuliko jina la chuo?

Kwa sababu tangazo la kazi husomwa neno kwa neno. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira kwenye Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za serikali) ulitazame kwa makini. Juu kuna cheo, kwa mfano Mkadiriaji Majenzi Daraja la II. Chini yake kuna majukumu, kisha sifa za mwombaji, kisha ngazi ya mshahara, kwa mfano TGS D au TGS E. Sehemu ya sifa inataja shahada kwa majina na kumalizia na maneno kama "au sifa nyingine zinazolingana na hizo zinazotambuliwa na Serikali". Wengi hujipa moyo kwa maneno hayo ya mwisho. Ukweli ni kwamba waombaji wakiwa maelfu, anayebaki ni yule ambaye cheti chake kinasema kile kile kilichoandikwa kwenye tangazo.

Hapo ndipo mtu aliyesoma shahada yenye jina la kuvutia, iliyochanganya biashara, uongozi na mawasiliano, anapogundua kuwa hafai kuwa mhasibu, hafai kuwa afisa utumishi, na wala hafai kuwa afisa habari. Amesoma kidogo cha kila kimoja, lakini hakuna tangazo linalomtaja.

Fanya zoezi hili kabla ya kuomba chuo. Chukua daftari, chora safu nne: cheo, shahada zilizotajwa, usajili au cheti cha ziada kinachotakiwa, na ngazi ya mshahara. Pitia matangazo ya miezi 12 iliyopita, ya Ajira Portal na ya kampuni binafsi. Hesabu mara ngapi shahada unayoitaka imetajwa kwa jina, na waajiri wangapi tofauti wameitaja. Ikitajwa na mwajiri mmoja tu, au isipotajwa kabisa, umeokoa miaka 3 ya maisha yako kwa kazi ya siku mbili.

Ualimu bado una ajira ya uhakika?

Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri kupangiwa kituo. Sasa walimu nao huomba kupitia Ajira Portal na kufanya usaili kama kada nyingine. Katika usaili wa walimu uliofanyika mapema 2025, nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walizidi 200,000. Wastani huo wa karibu mtu mmoja kati ya 14 unaficha tofauti kubwa ya masomo. Mwalimu wa fizikia au hisabati hashindani na watu wengi kama mwalimu wa historia, jiografia au Kiswahili.

Kama unaupenda ualimu na una tahasusi yenye hisabati kama PCM, PGM au EGM, soma ualimu wa sayansi na hisabati bila wasiwasi. Kama una tahasusi ya sanaa kama HGK au HKL na unaenda ualimu kwa sababu tu umekosa kingine, fahamu kuwa huenda ukasubiri miaka kadhaa, na jipange utakachofanya wakati wa kusubiri: shule binafsi, masomo ya ziada, au cheti cha pili.

Udaktari wa binadamu je? Kila mzazi anautaka.

Ni kazi yenye heshima na inahitajika, lakini hesabu yake ya muda haielezwi vya kutosha. Shahada ni miaka 5. Baada yake kuna mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukitoka kidato cha sita na miaka 19, unaanza kutafuta ajira ukiwa na 25. Na ajira hiyo haiji yenyewe: hospitali zina uhaba wa madaktari, lakini kinachoajiri ni kibali na bajeti, ndiyo maana wapo madaktari waliosajiliwa ambao wanasubiri nafasi au wanafanya kazi za zamu kwenye hospitali binafsi.

Kipato kizuri katika udaktari huja na ubingwa, ambao ni miaka mingine 3 au zaidi. Familia inayotegemea mtoto aanze kusaidia wadogo zake mapema inapaswa kulijua hilo kabla, maana lawama huja baadaye. Katika vyuo binafsi ada ya udaktari ni mara kadhaa ya ile ya vyuo vya umma, na mkopo unaweza usitoshe kuifikia.

Wenye PCB (fizikia, kemia na biolojia) wasisahau famasia (miaka 4 na mwaka 1 wa mafunzo kazini), sayansi ya maabara za tiba, uuguzi, fiziotherapia, na radiolojia. Mfamasia ana faida ambayo daktari mpya hana: famasi ya rejareja (si duka la dawa muhimu) haiendeshwi kihalali bila mfamasia msimamizi aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, kwa hiyo sheria yenyewe inamtengenezea kazi mijini.

Uhandisi upi una kazi nyingi?

Ule ambao maarifa yake hayafungwi kwenye mradi mmoja. Tuanze na kosa lililowaumiza wengi. Gesi asilia ilipogunduliwa kwa wingi baharini kusini mwa nchi, vijana wengi walikimbilia jiolojia ya petroli na uhandisi wa petroli. Kiwanda cha kuchakata gesi kilichopangwa Likong'o, Lindi, hakikuanza kwa kasi iliyotarajiwa, na wahitimu wale wakajikuta na shahada nzuri inayosubiri mwajiri mmoja. Hali kama hiyo inaweza kujirudia kwa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Kulijenga huajiri maelfu, kuliendesha huhitaji watu wachache. Shahada ya miaka 4 isichaguliwe kwa ajili ya ujenzi wa miaka 4, kwani utahitimu wakati mitambo inaondoka.

Mhandisi wa umeme yuko katika hali tofauti. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme huo unahitaji njia za kusafirisha, vituo vya kupooza na mafundi wa kuulinda. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma 2024, inaendeshwa kwa umeme. Migodi ya Geita na North Mara, viwanda vya saruji, minara ya simu na hoteli za Zanzibar vyote vinamhitaji. Na akikosa ajira, anaweza kuomba leseni ya ufungaji umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), yenye madaraja kulingana na elimu na uzoefu, akachukua kazi za majengo kwa jina lake.

Uhandisi wa mitambo na ule wa madini unafuata kwa karibu, hasa kwa anayekubali kuishi kambini mkoani. Mgodi huwa unalipa vizuri kuliko ofisi ya mjini, lakini ratiba zake za zamu, kwa mfano wiki mbili kazini na moja nyumbani, si za kila mtu.

Uhandisi ujenzi una wahitimu wengi sana. Una kazi, lakini miaka ya mwanzo malipo huwa madogo kwa wakandarasi wadogo, na mara nyingine yanachelewa kwa sababu mkandarasi mwenyewe anaidai serikali.

Usisahau usajili. Ukihitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama mhandisi mhitimu mara moja, kisha ingia kwenye mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 unaoitwa SEAP. Anayekaa mitaani miaka miwili kabla ya kujisajili amejirudisha nyuma miaka miwili kuelekea uhandisi mtaalamu, na nafasi nyingi nzuri huuliza namba ya usajili kabla ya kuuliza GPA.

Na shahada za Chuo Kikuu Ardhi, yaani ukadiriaji majenzi, upimaji ardhi na uthamini, kwa nini mmeziweka mbele?

Kwa sababu vijana wengi hawazijui, na sheria inazilinda. Makadirio ya gharama za jengo kubwa yanahitaji mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi). Benki haikopeshi kwa dhamana ya nyumba bila ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Hatimiliki haitoki bila kiwanja kupimwa na mpima ardhi. Mtu akishasajiliwa anaweza kufungua ofisi na wenzake wawili. Tatizo ni miaka ya mwanzo: utabeba vifaa juani, utalipwa posho, na utahitaji msajiliwa wa kukusimamia. Anza kumtafuta huyo ukiwa bado mwaka wa pili.

Uhasibu umejaa. Nisome au niache?

Wahitimu wa uhasibu wamejaa. Wenye CPA(T) hawajajaa kiasi hicho, na matangazo mengi ya mashirika ya umma na kampuni kubwa yanaitaka. Mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu inayotoa CPA) hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu hupata msamaha wa baadhi ya masomo ya hatua za mwanzo, hivyo anaweza kuanza mtihani wa Novemba wa mwaka ule ule aliohitimu.

Kinachowakwamisha wengi ni kusubiri "nipate kazi kwanza, ndipo nilipie mitihani". Kazi nayo inasubiri CPA. Kama familia ina uwezo wa kuchanga mara moja tu baada ya shahada, basi mchango huo uende kwenye ada ya mitihani kabla ya kwenda kwenye kitu kingine chochote. Mantiki ni hiyo hiyo kwa ununuzi na ugavi: bodi yake ni PSPTB, na afisa ununuzi asiye na usajili wake hasongi mbele.

Kwa kipimo cha ushindani katika fani za fedha na biashara, mwaka 2025 TRA (Mamlaka ya Mapato) ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakazidi 135,000.

Sheria?

Shahada ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Ili uwe wakili lazima upitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania (Shule ya Sheria), na hapo ndipo wengi hukwama: katika matokeo yaliyozua mjadala mkubwa Oktoba 2022, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine walirudia baadhi ya masomo, wengine wakaondolewa. Soma sheria kama Kiingereza chako cha kuandika ni imara na unaweza kusoma kurasa 60 kwa siku bila kulazimishwa. Bajeti ya familia iwe na mwaka wa ziada wa Shule ya Sheria tangu mwanzo.

TEHAMA na sayansi ya kompyuta zina kazi kweli, au ni sifa tu?

Zina kazi, lakini mwajiri binafsi haamini cheti peke yake. Benki, kampuni za simu na zile za malipo hukupa kompyuta kwenye usaili na kusema: tengeneza. Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa tatu bila mfumo hata mmoja alioujenga mwenyewe na unaofanya kazi, hata kama ni wa kusimamia michango ya kikundi cha mtaani, atakuwa sawa na mamia wengine.

Serikalini vyeo vya Afisa TEHAMA Daraja la II hutangazwa vikiwa vimegawanywa: mitandao, utengenezaji wa mifumo, usalama. Chagua upande mmoja kufikia mwaka wa pili. Usalama wa mitandao na ulinzi wa taarifa unakua, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazibana taasisi zinazokusanya taarifa za watu.

Nimesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Je, sina changu?

Unacho, ila uwanja wako ni mwembamba na lazima uutumie kwa akili. Sosholojia, maendeleo ya jamii, utawala wa umma na uhusiano wa kimataifa zina wahitimu wengi kuliko nafasi. Angalia zaidi usimamizi wa rasilimali watu, utunzaji wa kumbukumbu, ustawi wa jamii (halmashauri na hospitali huajiri), sheria kwa masharti tuliyosema juu, na lugha kwa anayelenga tafsiri na ukalimani. Ukiwa na pasi ya hisabati kidato cha nne, milango kadhaa ya biashara hubaki wazi, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo badala ya kujihukumu.

Nimetimiza alama za chini. Mbona sikuchaguliwa?

Kwa sababu alama za chini ni ruhusa ya kuomba tu. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Sharti la jumla la TCU ni ufaulu mkuu (A hadi E) wa masomo mawili yenye jumla isiyopungua 4.0. Makosa mawili hujirudia kila mwaka.

La kwanza ni kujumlisha masomo yote matatu. Zinazohesabiwa ni alama za masomo yaliyotajwa kwa kozi ile. La pili ni kudhani S ni ufaulu mkuu. Tuseme una EGM: Uchumi C, Jiografia B, Hisabati S. Ukijumlisha unapata 7.5 na unajiona uko salama. Kozi ya takwimu inayotaka ufaulu mkuu wa Hisabati itakukataa papo hapo, wakati kozi inayotaka Uchumi na Jiografia itakuona una 7.

Kwenye Mwongozo wa TCU, kila kozi ina mstari wenye masharti ya kujiunga, alama za chini za chuo, idadi ya nafasi na muda wa kozi. Soma idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi 40 na kozi yenye nafasi 400 hazina ushindani mmoja. Halafu panga maombi yako hivi: moja unayoitamani hata kama alama zako ziko ukingoni, mbili au tatu unazozidi alama zake kwa pointi 2 hivi, na moja ambayo una uhakika nayo na bado ina ajira. Hiyo ya mwisho ichaguliwe kwa makini kuliko zote, maana ndiyo wengi huishia kusoma.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanye nini?

Thibitisha kimoja kabla ya dirisha kufungwa. Unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unaomba msimbo, unatumiwa kwa SMS, unauingiza. Usipothibitisha, unaweza kupoteza nafasi zote mbili. Laini ya simu uliyojaza iwe yako na iwe hewani. Wapo wanaojaza namba ya mwenye stationery, msimbo ukaenda kwake.

Ni bora kupitia diploma kwanza?

Kwa kozi za ufundi na afya, mara nyingi ndiyo. Mwenye diploma anaweza kuajiriwa kabla ya shahada, akajisomesha. Kuingia shahada kwa diploma kunataka kwa kawaida GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na baadhi ya kozi za afya hutaka 3.5. Anayepata 2.9 hukwama kwa pointi 0.1 tu, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa diploma usichukuliwe kwa mzaha.

Mshahara wa milioni moja unabaki shilingi ngapi mkononi?

Swali hili liulizwe kabla ya kukopa. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa 1,000,000 anakatwa hivi. Pensheni ya PSSSF asilimia 5, yaani 50,000. Kodi ya PAYE hukokotolewa kwenye 950,000 iliyobaki: ya kwanza 760,000 ina kodi ya 68,000, na 190,000 inayozidi hapo hutozwa asilimia 25, yaani 47,500, jumla 115,500. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15, yaani 150,000. Makato yote ni 345,500, na mkononi hubaki 654,500, kabla ya chama cha wafanyakazi.

Ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo la 12,000,000, kwa 150,000 kila mwezi utalimaliza kwa miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8. Ndiyo sababu shahada ya miaka 5 yenye mshahara mkubwa kidogo inaweza isimzidi mhitimu wa miaka 3 kwa muongo mzima wa kwanza. Fanya hesabu hii kwa kila kozi unayoifikiria.

Mkopo hutolewa sawa kwa kozi zote?

Hapana. HESLB (Bodi ya Mikopo) huangalia uhitaji wa mwombaji na pia kipaumbele cha kozi. Kinachowaangusha wengi si alama, ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, au kukosa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi. Anza uhakiki wa RITA miezi miwili kabla dirisha halijafunguliwa. Wa Zanzibar wana bodi yao wenyewe, na ufadhili wa Samia Scholarship huwalenga waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita.

GPA ina uzito gani kwenye ajira?

Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4. Benki na kampuni zenye programu za wahitimu mara nyingi huweka mstari kwenye 3.5. Anayetaka kufundisha chuo kikuu kwa kawaida anahitaji angalau 3.8 ili awe mkufunzi msaidizi. Kwa ajira nyingine za serikali, ukishaitwa, kinachopima ni mtihani wa mchujo na mahojiano. Kati ya kozi ngumu utakayopata 2.8 na kozi unayoimudu utakayopata 3.9, ya pili ina nafasi kubwa zaidi ilimradi imetajwa kwenye matangazo.

Nikigundua nimekosea kozi, naweza kuhama?

Ndiyo, ndani ya chuo au kwenda chuo kingine, kama ulitimiza masharti ya kozi unayohamia na kama nafasi ipo. Dirisha hufunguliwa muda mfupi baada ya masomo kuanza. Mwenye mkopo aijulishe Bodi kupitia ofisi ya mikopo ya chuo mapema, la sivyo fedha zitaendelea kwenda kozi ya zamani.

Nikisoma nje ya nchi?

Kabla ya kulipa wakala chochote, hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na mamlaka za nchi husika, kisha uliza TCU. Ukirudi utahitaji utambuzi wa TCU, na kwa fani za afya, usajili wa baraza la hapa. Matangazo ya serikali huwataka waliosoma nje waonyeshe kuwa vyeti vyao vimehakikiwa.

Kuna la kufanya nikiwa bado chuoni ili nisikae bila kazi?

Fildi. Mafunzo kwa vitendo ya wiki 8 ndiyo usaili mrefu kuliko wote utakaoufanya. Usiende ofisi ya mjomba kwa sababu iko karibu na nyumbani. Omba sehemu inayofanya kazi unayoitaka, peleka barua miezi 3 kabla, kwa mkono, na uliza jina la msimamizi. Ukiwa pale andika kila siku ulichofanya, kwa idadi: umepima viwanja vingapi, umesuluhisha hesabu za benki za miezi mingapi. Hayo ndiyo utakayosema kwenye mahojiano.

Na ukihitimu, fuatilia cheti halisi na nakala ya matokeo (transcript) mapema. Matangazo ya Ajira Portal husema wazi kuwa matokeo ya muda (provisional results) na hati za matokeo (result slips) hazikubaliwi. Fungua akaunti, jaza namba ya NIDA, na hakikisha majina yanafanana kwenye kila karatasi, hadi herufi ya mwisho.